Bibi wa 1780

Kulima Tongoni, pale ulipokuwa mji wa kale wa Kasongo wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, kunataka subira. Jembe likigonga kitu, majirani wote wamekwisha fika. Safari hii lilikuwa jembe la mke wangu, na chini ya muhogo kikatoka kisahani cheusi, kizito, upana wake sentimita nne hivi.

Kabla sijakishika, mjomba alikwisha kikamulia ndimu. Jirani akaleta majivu, mwingine mchanga. Kwetu kila mtu ni fundi wa kusugua. Fedha ikang'aa, maandishi karibu yote yakaenda na maji. Akabaki mama mnene, shela kichwani, pua hana.

"Mke wa Tippu Tip huyo," akasema mjomba, ambaye anawajua wake wa Tippu Tip kuliko mwenyewe alivyowajua. Nikamwonyesha mwaka: 1780.

"Basi ni mama yake."

Ilikuwa reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria aliyefariki mwaka huohuo wa 1780. Watu waliipenda sura yake hata viwanda vikaendelea kuichapa kwa mwaka uleule, Vienna, na katika karne ya 20 London na Bombay pia. Wajuzi hutambua ilikochapwa kwa lulu za kishikizo begani na manyoya ya mkia wa tai upande wa pili. Mkia nao mjomba alikwisha umaliza.

Ilifikaje huku? Biashara ya bara ilikwenda kwa nguo, shanga na simbi. Reale ilikuwa fedha ya Unguja. Mjomba anaapa ilimdondoka mtu aliyekimbia Aprili 1893, askari wa Dhanis, afisa Mbelgiji, walipoingia Kasongo. Hata kiatu alichovaa mtu huyo anakijua.

Tukampelekea mnunuzi wa dhahabu sokoni. Ana mizani mbili: ya betri ya kujua ukweli, na ya vikombe viwili ya biashara. Ya betri ikasoma gramu 25 na kidogo. Reale mpya ni 28. Zilizopungua zimelika mikononi mwa watu wa pwani, na za mwisho mikononi mwa mjomba.

"Nitainunua iwe jiwe la mizani," akasema mnunuzi.

Wachimbaji waliokuwa wakingoja zamu wakashangilia: nunua, patron, nunua! Jiwe jepesi ni faida ya muuzaji. Mnunuzi akaitazama tena ile pua isiyokuwapo, akaturudishia haraka. Na kati ya wale waliopiga kelele, hakuna hata mmoja aliyewahi kumletea dhahabu ya kufikia nusu ya uzito ule.