Bendi Isiyo na Mpiga Gitaa

Kampala ukimwambia dijei apige zouk, usitarajie kusikia Guadeloupe. Zouk ya Kassav', kundi lililoanza mwaka 1979 na wanamuziki wa Guadeloupe na Martinique, ilikuwa muziki wa kanivali: ngoma nyingi, tarumbeta, na mwendo wa kumtoa mtu jasho. Kwetu zouk ni wimbo wa mapenzi wa taratibu, mara nyingi wa Kiganda, ambao maharusi wanaweza kuucheza bila kukanyagana. Mgeni akiomba muziki wa bendi, huenda akaletewa mwimbaji mmoja, maikrofoni moja na kompyuta ya mkononi. Akiomba kadongo kamu, yaani kigitaa kimoja, atasikia magitaa, besi, kinanda na ngoma za mashine kabla ubeti wa kwanza haujaisha. Na kama alipita mjini enzi za karioki, mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, alikuta vijana jukwaani wakifumba na kufumbua midomo huku sauti ya mtu mwingine ikitoka kwenye spika. Wajapani walimwondoa mwimbaji ili uimbe wewe. Sisi tulimrudisha mwimbaji, tukaiondoa kazi ya kuimba. Mgeni huyo hulala akiwa na hakika kwamba mji mzima umekosea majina ya muziki wake. Mimi nasema mji haukukosea kitu. Kosa ni la anayedhani kwamba majina hayo yanazungumzia sauti.

Kondakta wa teksi pale Old Taxi Park ya Kampala haiti aina ya injini, anaita mtaa: Ntinda au Kireka. Majina ya muziki wetu yanafanya kazi hiyohiyo: yanataja wimbo unakwenda wapi, kwa nani, na saa ngapi. Tazama kadongo kamu. Tangu siku za Christopher Ssebadduka hadi za Herman Basudde na Paulo Kafeero, vyombo vimeongezeka na studio zimebadilika, lakini msikilizaji amebaki yuleyule: mtu aliyekaa chini, mwenye muda, anayetaka kisa kirefu chenye mafunzo, vijembe na misiba ya watu wengine. Kafeero alipoimba juu ya kifo katika "Walumbe Zaaya", hakuna aliyehesabu magitaa. Tazama na lugaflow, yaani rapu ya Kiganda. Mdundo wa kundi la Klear Kut, waliochana kwa Kiingereza, na ule wa Bataka Squad, waliochana kwa Kiganda, ungeweza kutoka kwenye kinanda kimoja, ila wa pili ndio waliohitaji jina jipya, kwa sababu walikuwa wakimwita msikilizaji mwingine. Redio nazo zilipanga watu hivyohivyo. Sanyu na Capital zilipofungua masafa ya FM mwaka 1993, na CBS ya Ufalme wa Buganda ikafuata mwaka 1996, wasikilizaji waligawanyika kwa lugha na kwa meza wanayokaa, na nyimbo zikagawanyika nyuma yao. Ndiyo maana wimbo uleule wa waimbaji Radio na Weasel unaweza kuitwa kidandali (pop ya kwetu Uganda) na mtu mmoja, afrobeat na wa pili, na muziki wa bendi na wa tatu, kisha wote watatu wakaingia uwanjani kuucheza bila ugomvi.

Msomi wa muziki atapinga hapa. Atasema rege inajulikana kwa pigo lake, benga kwa gitaa lake, rumba ya Kongo kwa sebene yake. Kwa hiyo jina linalojiheshimu hueleza sauti, na majina yetu ni uzembe tu. Ninamkubalia kuhusu rege. Lakini nyuma ya majina mengi yanayoheshimika duniani kuna mtu aliyekuwa na bidhaa ya kuuza. Mwaka 1987 wenye kampuni ndogo za santuri walikutana katika baa moja ya London kutafuta neno litakaloyasaidia maduka kujua yaweke kwenye rafu gani muziki wa Mali, wa Bulgaria na wa Pakistan. Wakachagua "muziki wa dunia", kana kwamba ule wa Uingereza unatoka mwezini. Kwenye rafu hiyo aliwekwa Mganda wetu Geoffrey Oryema, aliyetoa albamu "Exile" mwaka 1990, akiimba kwa Kiacholi na Kiswahili. Nairobi nako, mitindo ya genge na kapuka iligombana kwa miaka, na asiye Mnairobi alipata taabu kuitofautisha kwa sikio. Njia ya mkato ilikuwa kuuliza wimbo umerekodiwa katika studio ya Calif au ya Ogopa. Na kule Gulu, Otim Alpha aliingiza nyimbo za harusi za Kiacholi kwenye kompyuta, zikachezwa harusini kama nyimbo za harusi. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala ilizikusanya katika "Gulu City Anthems", na Ulaya zikapokewa kwa jina la acholitronix, muziki wa klabu za usiku wa manane. Sauti ni ileile, ila mgeni wa Gulu alikuja na zawadi ya maharusi, na wa Berlin alikuja na tiketi.

Pingamizi la pili lina uchungu zaidi, kwa sababu linagusa mfuko na heshima. Grammy walipotangaza mwaka 2023 tuzo mpya ya muziki wa Afrika, walitoa na orodha ya mitindo inayohusika. Bongo Flava ya Tanzania imo. Genge ya Kenya imo. Imo highlife, imo amapiano, imo ndombolo, na Afrobeat imeingia mara mbili, bila s na yenye s. Kidandali haimo, kadongo kamu haimo, na lugaflow haikupigiwa hata hodi. Basi, wanasema wenye uchungu, laiti tungekuwa na jina moja kama majirani! Lakini jina moja la jirani linaficha nini? Ndani ya Bongo Flava kuna rapu, kuna nyimbo za kubembeleza, kuna harufu ya taarabu na ya dansi, na siku hizi amapiano imeshapewa godoro. Jina hilo halielezi sauti kuliko letu. Linaeleza kwamba Dar es Salaam ilipata soko kubwa, nalo soko likahitaji kibandiko. Orodha yenyewe inasema haiishii hapo ilipofika, kwa hiyo mlango haukufungwa. Na Mganda Eddy Kenzo, ambaye "Sitya Loss" ya mwaka 2014 ilizunguka dunia kwa miguu ya watoto wa Ghetto Kids, alipata tuzo ya BET mwaka 2015 na kuteuliwa kuwania Grammy mwaka 2022 pamoja na mwimbaji Matt B, bila Wamarekani kujifunza kutamka kidandali.

Litabaki swali la mwisho: kama jina halifungwi na sauti, si kila mtu ataita wimbo apendavyo? Hawezi, na ushahidi uko kwenye sherehe zetu. Dijei akipiga ragga yenye maneno mazito kwenye kwanjula, sherehe ya kutambulishana kwa familia za maharusi, wakati mabinti wamepiga magoti mbele ya wazee, atasimamishwa kabla ya kiitikio. Akipiga wimbo wa Kafeero juu ya kifo wakati keki inakatwa, ssenga, yaani shangazi wa bibi harusi, mwenyewe atainuka kwenda kuuzima. Akiweka nyimbo za injili saa nane ya usiku baa ikiwa imejaa, atalaumiwa hata na walokole walioingia kwa bahati mbaya. Sikiliza malalamiko yao wote. Hakuna anayesema besi imezidi au pigo limekosewa. Wanasema huu si wimbo wa hapa. Jina ambalo likikosewa linaleta aibu ya mahali na saa, hilo ni jina la mahali na saa. Lina sheria zake, na mahakama yake ni wakwe.

Kwa hiyo anayetaka kuelewana na dijei wa Kampala aache kumweleza mdundo. Amwambie sherehe ni ya nini, wazee wamekaa upande gani, na kama bia zimeshafunguliwa. Aina ya muziki itajulikana yenyewe. Na msomi akisisitiza kwamba ile si zouk, apewe kiti karibu na spika, aieleze Guadeloupe kwa wanaocheza.