Vumbi Lisiguswe

Wanaotaka kompyuta mpakato za ofisi zifunguliwe na kupanguswa vumbi hawaitakii mema Same. Mji huu umekaa upande mkavu wa Milima ya Upare: mvua huishia huko juu Chome na msitu wa Shengena, sisi wa chini tukagawiwa upepo. Mkomazi ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2008, ikapewa askari. Vumbi lililojipatia makazi kati ya feni na vibati vya kupozea halistahili ulinzi wowote?

Watasema njia ya hewa ikiziba joto hupanda, na prosesa hujipunguzia kasi isiungue. Hiyo ni adabu: mashine imejifunza mwendo wa ofisi, na mwananchi aliyepanga foleni tangu asubuhi haoni tofauti. Watasema tena kazi yenyewe ni ndogo: zima, chomoa betri, shikilia feni isizunguke, pitisha brashi laini. Hapo ndipo penye hatari. Brashi haina zabuni, haina kamati ya tathmini, haina posho ya kikao. Kompyuta mpya inavyo vyote. Wapare wa zamani, kwa pupa yao, tope likijaa ndiva, bwawa lao la kumwagilia, waliitana msaragambo, kazi ya pamoja, wakalizoa kwa majembe, maji yakarudi mferejini. Bila hata dokezo kwa mkuu wa idara! Na mashine ikijizima saa nane mchana, tusiseme imeharibika; imewahi tu kutoka kazini, kama wenzake.