Hongera, kamati ya ukombozi

Watu wana husuda. Kamati yetu ya kuukomboa mtaala inanung'unikiwa bure. Mwaka 1968, Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba waliishia kuandika waraka tu wa kutaka Idara ya Kiingereza ifutwe pale Nairobi. Sisi tumefanya warsha nzima hotelini, tena kwa Kiingereza fasaha, ili ukoloni usikie vizuri unavyofukuzwa. Shakespeare tumemtoa, hata yule aliyevishwa Kiswahili na Nyerere. Shaaban Robert tumempumzisha kwenye orodha ya "usomaji wa ziada", wanafunzi wasimchoshe. Nafasi zao wamepewa maprofesa wa New York, watueleze, kwa vitabu vya bei ya dola, jinsi fikra zetu zilivyotawaliwa. Na mwanafunzi atakayejibu mtihani kwa Kiswahili? Atapata sifuri, ila sifuri iliyokombolewa.