Mbio za Mchezo Usiokuwepo

Mbunifu wa michezo ya kompyuta aliyeko Bomeni, wadi ya Taveta iliyo karibu na mpaka wa Tanzania, hukabiliwa, kama wenzake kwingineko, na swali zito kuliko mchezo wenyewe, yaani iwapo aandike kwa C++, lugha ambayo kompaila, programu inayogeuza maandishi kuwa amri za mashine kabla hayajatumika, huipa kasi yake, au kwa Python, ambayo amri zake hufasiriwa programu ikiwa inaendelea, jambo linalompunguzia binadamu kazi na kuiongezea mashine. Hoja ya kasi ina msingi, kwa kuwa mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde huiachia mashine takriban milisekunde 16 tu za kukokotoa kila picha. Hata hivyo, mchezo ambao haujaandikwa hauna picha hata moja ya kuchelewa. Studio nyingi kubwa zilikwisha kuumaliza ubishi huo kwa kuzichanganya lugha, injini, yaani sehemu inayochora na kukokotoa, ikiandikwa kwa C++, na kanuni za mchezo kwa lugha nyepesi kama Lua, iliyozaliwa Brazili mwaka 1993 bila ya kuomba ruhusa California. Mkenya Wesley Kirinya naye alikwisha kutoa mchezo wake, Adventures of Nyangi, mwaka 2007, ilhali mabingwa wa kasi wangali wakipima ni lugha ipi inayowahi kuhesabu hadi bilioni, hesabu ambayo hakuna mchezaji yeyote, wa Taveta wala wa Voi, aliyewahi kuiagiza.