Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Elimu ya Ufundi

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na taadhima ziwapasazo watu wa daraja zenu, mimi fundi bomba mstaafu wa Mombasa (mstaafu kwa jina, maana mabomba hayajanipa ruhusa) natoa shukurani kwa hisani yenu ya kuagiza kwamba, katika siku ya kuwaonyesha wanafunzi kazi watakazozishika ukubwani, aalikwe na fundi pia, isije ikadhaniwa kuwa mwatudharau.

Niliketishwa mwisho wa safu, baada ya daktari, wakili na mhasibu, juu ya kiti ambacho mguu wake mmoja ulifungwa kamba. Na kwa kuwa wakili ni mtu wa maneno, nikabakiziwa dakika 7. Sikunung'unika. Nilitoa bomba la nusu inchi, nikalichonga hesi mbele ya macho yao, nikaizungusha katani na kuipaka rangi, kisha nikamwita kijana mmoja akaze kiungo. Akakaza taratibu, sikio kaliinamisha kama asikilizaye saa, na akaacha mwenyewe pale pale pa kuachia. Angaliongeza robo ya mzunguko kiungo kingalipasuka. Mwalimu akaninong'oneza, kwa huruma, kuwa huyo ni katika walioanguka mitihani, na ndiyo sababu ameletwa kwangu.

Kisha akasimama mgeni rasmi, akausifu ufundi nusu saa nzima, hata nikaona haya kwa niaba ya spana yangu. Nilipomuuliza kwa adabu wanawe wasomea nini, alinijibu kwamba mmoja yuko katika sheria na wa pili katika biashara, na wa tatu, Inshallah, atafuata mmojawapo.

Waheshimiwa, nakiri kwamba njia yenu ya kuuenzi ufundi ni ya ajabu. Mwaka 1948, kwa mali ya Sultani Khalifa bin Harub wa Unguja, ya Aga Khan na ya Mabohora, palianzishwa pale Tudor chuo cha kuwafundisha ufundi vijana wa Kiislamu wa Afrika ya Mashariki, kikapokea wanafunzi mwaka 1951. Baadaye kikafunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1972 kikaitwa Politekniki, na humo ndimo nilimojifunza kushika tupa. Mwaka 2013 mkakivika joho, kikawa Chuo Kikuu, na mwenziwe wa Nairobi, aliyezaliwa mwaka 1961, mkampandisha ngazi iyo hiyo mwaka uo huo. Sina uadui na elimu ya juu, wala sisemi kwamba karakana zimefungwa. Nastaajabu tu kwamba kila mpendapo kukitukuza chuo cha mafundi hamwoni heshima ya kukipa ila kukitoa katika ufundi.

Basi nawasihi msiifanyie kazi hiyo ubahili. Mpeni na fundi wa jahazi, yule aketiye chini ya tumbo la chombo akishindilia pamba katika viungo vya mbao kwa nyundo na patasi butu, uprofesa wa kalafati. Mfanyizieni baraza la kumtahini na kamati ya kuipitia tasnifu yake. Manahodha watangoja. Bahari ina subira, ijapokuwa maji yake hayana desturi ya kungoja kikao.

Limebaki jambo moja dogo, la faragha, ambalo naliandika hadharani kwa kuwa mwenyewe hakulisema kwa sauti ndogo. Hafla ilipokwisha, mgeni rasmi alinivuta kando akaniambia kwamba bomba la jikoni kwake lavuja wiki ya tatu sasa, na kwamba mpwa wake, mwenye shahada ya uhandisi, amekwisha kulichora vizuri sana katika karatasi. Mwambieni nitakuja Jumatano, alfajiri. Nitafuatana na yule kijana, naye atalipwa ujira kamili, si chai.

Wenu mtiifu,
Fundi wa Tudor