Fashfash Hazimsubiri Mwenye Kamera: Mwongozo kwa Familia

Kila familia yenye kamera ina mabingwa watatu wa kuitumia na haina hata mmoja wa kuichaji. Jambo hili hudhihirika kila mwaka Zanzibar, usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari, watu wanapomiminika Maisara kuangalia fashfash za kuadhimisha Mapinduzi ya 1964. Saa sita kasorobo uwanja umeshajaa, watoto wamepanda mabegani mwa baba zao, kamera inatolewa mkobani, inawashwa, inatoa mlio mmoja mwembamba, inazimika. Ndiyo maana somo la kwanza la mwongozo huu linahusu chaja. Ichomeke asubuhi ya tarehe 11, mapema, maana umeme haujawahi kumwekea mtu ahadi. Waunguja waliokaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hawana haja ya kuelezwa hilo.

Chaji ikishaingia, fungua kadi. Utaikuta imejaa harusi ya mwaka juzi, nusu yake sahani za biriani. Zihamishie kwenye kompyuta ukiwa bado nyumbani. Ukingoja kuzifuta uwanjani, shangazi atataka kuiona kila picha kabla haijafutwa, na ile aliyotoka vizuri ataipigania mpaka fashfash ziishe.

Halafu teueni mpiga picha mmoja. Hapa ndipo undugu hujaribiwa. Ami atasema kamera aliileta yeye kutoka Muscat, kaka mkubwa atasema yeye ndiye anayejua kompyuta, na kamera itazunguka mikono sita kabla ya kupiga picha moja ya kidole. Ushauri wangu ni kumpa yule binti mkimya wa darasa la saba. Ana mikono mitulivu, anasoma kitabu cha maelekezo mpaka mwisho, na hatabishana na mtu. Ami mpe kazi ya ndoo ya mchanga, nitakayoieleza baadaye, na mwambie kwa heshima zote kwamba usalama wa watoto uko mikononi mwake. Ni kweli kabisa.

Sasa flashi. Izime. Flashi ya kamera ndogo humulika mita tatu au nne, na fashfash kubwa zinapasukia juu ya mita mia moja. Ukiiacha iwake, itamulika vitu viwili tu: moshi, na kisogo cha mzee aliyesimama mbele yako. Nimeona albamu nzima ya Mapinduzi ambayo ndani yake fashfash hazimo, ila kofia ya yule mzee unaweza kuhesabu nyuzi zake.

Ukishaizima flashi, kamera italazimika kufumbua jicho kwa muda mrefu, sekunde mbili, tatu, hata nne. Hakuna binadamu awezaye kukaa sekunde tatu bila kutikisika; moyo wenyewe unatosha kuitingisha kamera. Stendi ya miguu mitatu ndiyo dawa, na asiyekuwa nayo achukue mfuko wa mchele wa kilo mbili. Uweke juu ya ukuta, ubonyeze kwa ngumi katikati mpaka ufanye shimo, ilaze kamera humo, kisha usukumie punje chini ya lenzi kidogo kidogo mpaka uone kwenye kioo theluthi mbili anga na theluthi moja watu. Mchele hushika kamera vizuri na kesho yake unapikwa. Paa la gari pia linafaa, mradi injini imezimwa na ndani hakuna mtu anayetikisa miguu kwa taarabu. Na kitufe usikibonyeze ukategemea kuuondoa mkono kwa hila: tumia ile saa ya kujipiga picha, uiweke kwenye sekunde mbili, ubonyeze, uachie, urudi nyuma.

Kamera nyingi za familia zina modi ya fashfash iliyofichwa kwenye orodha ya mandhari, karibu na ya ufukweni na ya vyakula. Itafute. Hiyo huweka lenzi itazame mbali na kuacha mwanga uingie kwa sekunde kadhaa. Kamera inayokubali kupangwa kwa mkono, iweke ISO 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, muda sekunde mbili hadi nne. Fokasi usiiachie kamera yenyewe, kwa sababu gizani lenzi huenda mbele na kurudi nyuma ikitafuta kitu cha kushika, na ikija kukipata ua limeshazimika. Ilenge taa ya mbali kwanza, halafu ifunge hapo hapo, au tumia alama ya milima.

Naomba nikae kidogo kwenye tundu la lenzi, kwa sababu hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia na watu hawajui kwa nini. Cheche ya fashfash inatembea. Kila sehemu ya picha inapitiwa na cheche kwa kitambo kifupi tu, hata kama kamera imefumbua kwa sekunde kumi. Kwa hiyo kurefusha muda kunaongeza idadi ya maua kwenye picha, wala hakulifanyi ua moja ling'ae zaidi. Mng'ao wa ua unaamuliwa na tundu. Likiwa wazi mno, rangi zote zinaungua na kuwa nyeupe, na jasho la mtengenezaji linapotea bure. Nyekundu ile imetoka kwenye strontiamu, kijani kwenye bariamu, manjano kwenye sodiamu, na buluu kwenye shaba. Buluu ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu moto ukizidi, kile kinachotoa rangi huharibika. Ukiona buluu safi angani, ujue kuna fundi aliyehangaika. Mheshimu: punguza tundu, nenda f/11, hata f/16, buluu ibaki buluu.

Wengi hubonyeza kitufe wakisikia mshindo, na kila mara wanapata moshi. Sauti inakwenda kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Aliye kwenye roshani za Michenzani, zile nyumba ndefu zilizojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yuko kadiri ya kilomita moja kutoka Maisara; mshindo unamfikia ua limeshapasuka sekunde tatu nyuma. Afanyeje? Atazame chini, pale zinaporushiwa. Kuna mstari mwembamba wa cheche unaopanda. Ukiuona tu, bonyeza, na hapo ile saa ya sekunde mbili iwe imezimwa na kidole kiwe chepesi. Utapata shina na ua lake pamoja, na picha yenye shina ni nzuri kuliko yenye ua peke yake.

Januari ni msimu wa kaskazi. Upepo unatoka kaskazini mashariki, unasukuma moshi kuelekea kusini magharibi, baharini. Anayesimama huku upepo ukimpiga kisogoni atapiga picha safi tangu mwanzo mpaka mwisho. Anayesimama upande wa pili atapiga wingu la kijivu lenye mwanga ndani yake, na nguo zake zitanuka baruti. Hata upepo ukiwa mzuri, dakika za mwanzo ndizo safi kuliko zote, kwa hiyo yule binti asiambiwe apige kwanza salamu za familia mbele ya mkokoteni wa juisi. Kule mwishoni, zinaporushwa nyingi kwa pamoja, muda upunguzwe hadi sekunde moja, la sivyo picha nzima itakuwa kama shuka jeupe.

Wenye simu nao hawajasahauliwa. Iegemezeni kwenye mchele ule ule, mguseni kioo palipopasuka ua la kwanza, mshikilie kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha mshushe mwanga kwa kukiteremsha kidole. Wala msivute picha karibu. Kuvuta kwa simu nyingi ni kukata tu.

Yote hayo ni ufundi, na ufundi unajifunzwa kwa usiku mmoja. Ninalolitaka zaidi ni hili: zikishapigwa picha kumi za angani, kamera igeuzwe. Fashfash za Maisara, za Dubai na za Sydney zikikatwa zibaki anga tupu, hakuna atakayezitofautisha. Chako ni kile kilicho chini yake. Ni bibi aliyekuja na kiti chake cha plastiki akakaa mstari wa mbele kana kwamba amealikwa na serikali. Ni mtoto aliyeziba masikio kwa viganja na kufumbua macho yote mawili. Ni paa, ni mnazi, ni ukuta wa jirani uliogeuka mwekundu ghafla. Ongeza ISO mpaka 800 au 1600, tundu liwe wazi kabisa, subiri ua kubwa lipasuke nyuma yako, bonyeza. Mwanga unaoangukia nyuso wakati ule hakuna studio inayouuza.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu mji wetu haudumu kama tunavyodhani. Beit el Ajaib, jengo la Sultan Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake ya mbele tarehe 25 Disemba 2020, mchana kweupe, na tangu siku hiyo picha ya kawaida ya familia Forodhani, jengo likiwa nyuma, imekuwa kumbukumbu ya thamani. Studio ya Capital Art, aliyoianzisha Ranchhod Oza mwaka 1930 pale Mji Mkongwe, inaheshimiwa mpaka leo kwa sababu ya sura za watu na mitaa iliyohifadhi. Kamera ya familia inafanya kazi ile ile. Tofauti ni kwamba hii huwa kabatini.

Turudi nyumbani, uani, kwenye vijiti vya cheche, na hapa ami na ndoo yake wanaingia kazini. Kijiti kile ni waya uliopakwa unga wa chuma au alumini pamoja na kemikali inayotoa oksijeni, na joto lake linapita nyuzi 1,000. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Kijiti kikizimika, waya bado unaunguza, na hapo ndipo watoto huumia, kwa sababu kinachokatisha raha hutupwa chini na kinachotupwa chini hukanyagwa na aliyevaa malapa. Kila kijiti kikiisha kinaingia ndooni, mchanga au maji, mbele ya macho ya ami. Watoto wa chini ya miaka mitano waangalie tu. Gauni la nailoni libadilishwe kwa la pamba. Kiwashwe kimoja kimoja, mkono unyooshwe, na asiwepo mtu wa kukimbizana.

Kamera ikae kwenye mchele wake, mita tatu hivi kutoka kwa mtoto, ISO 100, tundu f/11, muda sekunde nane hadi kumi, taa za uani zote zizimwe. Mtoto asimame mbele ya ukuta wenye giza na aandike jina lake hewani kwa kijiti, herufi kubwa, bila kurudi nyuma kusahihisha. Mwenye jina fupi ana bahati: Ali anamaliza na kuongeza moyo, Abdulrahman kamera inamfungia akiwa kwenye herufi ya R. Huyo muda wake uongezwe, au aandike Abdu. Maandishi yatatoka yamegeuka, kwa sababu mtoto anaandika kwa upande wake na kamera inasoma kwa upande wa pili. Msimfundishe kuandika kinyume. Atachanganyikiwa na kijiti kitaisha. Aandike anavyojua, picha igeuzwe baadaye kwenye kompyuta.

Mchezo huu una wakubwa wake. Mwaka 1949, mpiga picha Gjon Mili wa jarida la LIFE alimfuata Picasso huko Vallauris, Ufaransa, akampa taa ndogo ya umeme chumbani gizani, na Picasso akachora hewani kwa mwanga wakati jicho la kamera liko wazi. Mwanga wa flashi ndio ulioionyesha sura ya mchoraji mwenyewe. Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Kwenye kamera ndogo kuna modi yenye alama ya mtu na nyota: inawasha flashi mara moja na kuendelea kufumbua jicho. Flashi tuliyoizima Maisara hapa inakaribishwa, kwa sababu mtoto yuko mita tatu na si mia moja. Jina litabaki limeandikwa kwa moto, na nyuma yake mtoto atacheka akiwa na pengo la meno ya mbele, ambalo mwakani halitakuwepo.

Asubuhi ya tarehe 12, kabla watu hawajaenda kwenye sherehe, kaeni pamoja mchague picha tano. Msichague hamsini. Zipelekeni studio zikasafishwe kwenye karatasi, kwa sababu kadi hupotea na simu huibiwa. Nyuma ya kila moja binti aandike majina ya wote wanaoonekana, mahali na mwaka, na bibi aulizwe la yule jirani ambaye hakuna mwingine anayemkumbuka jina.