Stelingi Hafi

Mama yangu alikuja Dar es Salaam kutoka Muheza kutibiwa macho. Hilo nalitanguliza ili ijulikane kwamba, kwa mujibu wa cheti cha hospitali, alikuwa haoni vizuri. Lakini ikifika saa ya Sultan, ile tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili, alikuwa akimwona Hurrem anavyokunja midomo, tena kutokea mlango wa jikoni, na kabla mwanamke wa watu hajafungua kinywa, Mama alishamaliza kesi: "Tazameni jicho hilo. Ndilo la kumtenga mtoto na mama yake." Neno "mtoto" alilisema akinitazama mimi, mtoto wa miaka arobaini na ushee.

Mke wangu hakujibu. Ana adabu zake. Alichukua rimoti tu, akaongeza sauti pale Hurrem alipoanza kujibu.

Kwa ambaye hakuwahi kuiona: Suleiman ni sultani mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake. Mama yake, Valide, anaishi naye. Mahidevran ni mama wa mtoto mkubwa, Mustafa. Kisha analetwa Hurrem, mateka kutoka pande ambazo leo ni Ukraine, anaingia kama mjakazi na kuishia kuolewa ndoa kamili, jambo lililowaacha wakubwa wa kasri midomo wazi. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa zaidi. Hapo pana mama mkwe, bi mkubwa na bi mdogo chini ya paa moja, na mwanamume anayesingizia vita ili atoke nyumbani.

Basi sebule yetu ikagawanyika. Mama alikuwa upande wa Valide, na Valide alipofariki alikataa chakula cha usiku, akakubali uji. Mke wangu alikuwa upande wa Hurrem, ingawa hakuwahi kulitamka hilo mbele ya Mama, alikuwa anasema tu, "Kila mtu ana changamoto zake." Jirani yetu alikuwa na Mahidevran kufa na kupona. Yeye ni bi mkubwa wa kweli. Alikuwa akija kuangalia kwetu kwa sababu kifurushi cha king'amuzi chake kilikuwa kimekwisha, na mumewe alikuwa analipia kile cha nyumba ndogo, Mbagala. Hurrem akitokea, jirani alikuwa anageuza uso ukutani na kutuomba tumwambie akishaondoka.

Aliyeifikiria ile tamthilia kwa undani ni dada yetu wa kazi. Usiku mmoja, watu wakilumbana nani kamtilia nani sumu, akauliza: "Hayo magauni anayafua nani?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu hapo akawa anaangalia kule nyuma wanakopita vijakazi na masinia, na kutuletea habari ambazo sisi zilitupita. "Yule wa kushoto leo hajakaa tangu asubuhi." Mimi nikaona kwamba kumwuliza mtu maoni yake juu ya tamthilia ni kumwuliza anaishije kwake, ila kwa heshima.

Wanaume wa kijiweni kwetu, kwenye kahawa, walijifanya hawaangalii. Lakini habari ilipofika kwamba Recep Tayyip Erdoğan, alipokuwa Waziri Mkuu wa Uturuki mwaka 2012, aliilaumu tamthilia hiyo hadharani, akisema Suleiman halisi alimaliza miaka 30 juu ya farasi wala si kasrini kama inavyoonyeshwa, kijiwe kizima kilimuunga mkono. Mzee mmoja akaongeza, "Kwa wake wale, hata mimi ningelala juu ya farasi."

Ugonjwa huu wa kugombana na watu wa tamthilia hatukuambukizwa na Waturuki. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilipoanza kurusha Twende na Wakati, mchezo uliotungwa kuelimisha watu juu ya UKIMWI, alikuwamo dereva wa lori aitwaye Mkwaju, mwenye mwanamke kila kituo. Nakumbuka Mama akiielekezea redio mwiko wenye mchuzi na kumwonya Mkwaju kwa jina. Bara tulikuja kupata televisheni ya kwetu mwaka 1994, Zanzibar wakiwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya sabini, na hawajaacha kutukumbusha. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012, mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam, televisheni za mtaa mzima zikabaki chenga tupu, na mwenye king'amuzi akajikuta sebule yake imekuwa ya umma. Mimi nilikuwa nacho. Wengine wa wageni wale mpaka leo hawajaaga.

Turudi kwenye macho ya Mama. Meryem Uzerli, mwigizaji aliyemcheza Hurrem, aliacha kazi mwaka 2013 tamthilia ikiwa haijaisha, na nafasi yake akapewa Vahide Perçin, mtu mzima zaidi, sura nyingine kabisa. Sisi hatukuwa na habari. Jioni moja watu wanamwinamia mwanamke tusiyemjua na kumwita Hurrem. Mama akavua miwani, akaifuta kwa khanga, akavaa, akavua tena. Kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyekwishakubali majaaliwa: "Yamekwisha, mwanangu. Hata Hurrem simtambui."

Hatukuweza kumtuliza. Asubuhi alitaka kliniki, na kliniki tukaenda, tukapanga foleni, tukalipia kadi. Nesi alimsikiliza kwa makini, akauliza tatizo limeanza lini, Mama akaeleza: jana, saa ya Sultan. Nesi akaweka kalamu chini. "Mama, hata sisi hatumtambui." Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi, wengine wakiwa wamefungwa bandeji jicho moja, wakaanza kuchangia. Wapo waliosema mpya ana heshima zaidi. Wapo waliosema huyu si Hurrem, ni mama mkwe wa Hurrem. Kadi ile ya kliniki haikurudishiwa fedha.

Tamthilia zetu wenyewe, Huba, Juakali na nyinginezo, zina mashitaka ya namna yake pale nyumbani. Huyu kalala na kope za bandia. Yule masikini gani ana kapeti lile? Na kwa nini mtu akiambiwa habari mbaya kamera izunguke sura za watu wote sebuleni, mara mbili, na ngoma ikilia, wakati wangeweza kumpa maji? Hilo la kamera hata mimi linanikera. Lakini nazipenda hivyo hivyo, maana humo watu hupiga hodi, na hodi ile ni ya kwetu. Ubaya wake ni kwamba haina tofauti na ya mlangoni. Jioni moja geti likagongwa, "Hodi wenyewe!", sote tukadhani ni kwenye Juakali. Mama akapaza sauti: "Msimfungulie huyo mwanaharamu, kaja kuvunja nyumba ya watu!" Alikuwa mwenye nyumba, kaja kuulizia kodi. Alisikia yote. Nilipotoka kumpokea nikamkuta anasubiri kwa unyonge, ananiuliza ni nani kamsema kwa mama yangu.

Vichekesho sivigusi sana, kwa sababu kwenye tamthilia watu hukasirika, kwenye vichekesho hununa. Baba mdogo, tangu mchekeshaji King Majuto afariki mwaka 2018, anakataa kucheka kwa kanuni. Mpwa wangu akimwonyesha Joti kwenye simu, kipande cha dakika moja, baba mdogo huuliza mwanzo wake uko wapi. Shemeji yetu wa Mombasa naye hutukatisha sote kwa kuapa kwamba dunia haijapata kuona kama Vitimbi, Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Ukiona Mtanzania na Mkenya wamekubaliana kuhusu kichekesho, jua mmoja wao hajakielewa.

Sasa, mpwa wangu huyo wa simu alipata mchumba Magomeni, na mshenga nikachaguliwa mimi. Jioni ya kuamkia siku ya posa nikaenda kwa kinyozi. Saluni yake ina kioo kimoja, benchi moja, na televisheni iliyotundikwa nyuma ya kichwa cha anayenyolewa, kwa hiyo kinyozi anaiona kwenye kioo. Siku hiyo Mustafa alikuwa ameitwa na baba yake kambini. Wanamkataza asiende, anavaa joho jeupe, anapanda farasi.

"Hafi," akasema kinyozi, mashine ikitembea pembeni ya sikio langu. "Stelingi hafi."

Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa anasubiri zamu yake na gazeti, hakuinua hata macho. "Kijana, Mustafa alikufa tarehe 6 Oktoba 1553. Alinyongwa ndani ya hema la baba yake, kwa amri ya baba yake, karibu na Ereğli."

Mkono wa kinyozi uliganda. Mashine haikuganda. Ilipanda kutoka sikioni mpaka utosini na kuniachia barabara nyeupe ya njia moja.

Hakuniomba radhi. Alimgeukia mwalimu. "Nani kakwambia?"

"Vitabu."

"Vitabu vimeiona lini episodi hii?"

"Jambo lenyewe lina miaka zaidi ya mia nne!"

"Labda kwao alikufa," akasema mtu wa benchi, kwa upole wa kusuluhisha. "Huku kwetu si wameitafsiri?"

Mwalimu akahukumiwa kunyolewa wa mwisho. Mimi nikauliza kuhusu kichwa changu, kinyozi akasema dawa ni kuzitoa zote, akaanza, akafika nusu ya kisogo, umeme ukakatika. Mustafa alikuwa ndio kwanza anaingia hemani. Saluni nzima ikapiga ukelele, na si kwa ajili yangu. Tukakaa gizani. Baada ya kitambo nikasikia sauti ya kinyozi, imenyenyekea: "Mwalimu. Ehe. Kaingia hemani, halafu?"

Mwalimu akakohoa, akasimulia. Alisimulia vizuri, nakiri, na mabubu wa sultani waliokuwa wanamsubiri nyuma ya pazia, na Suleiman aliyekuwa upande wa pili anasikia. Alipofika mwisho nikasikia mtu anapenga kamasi, na taulo lililokuwa shingoni mwangu likavutwa kwenda kufutia machozi. Nimekuja kusoma baadaye kwamba hata Waturuki, kipindi hicho kiliporushwa kwao mwaka 2014, walimiminika kwenye kaburi la Mustafa huko Bursa, ingawa wao hilo wamelisoma shuleni.

Umeme haukurudi usiku ule. Kwa hiyo Magomeni niliingia na balaghashia ya marehemu baba, imeshuka mpaka nyusi, na wazee wa kule wakanisifu kwa staha. Barua ikapokewa. Mahari ikatajwa, nikaomba ipunguzwe, wakakohoa. Ndipo shangazi wa binti, ambaye muda wote alikuwa kimya kwenye kochi la pembeni, akainua mkono kunisimamisha. Televisheni ilikuwa imezimwa sauti kwa heshima yetu, lakini nikaona anaichungulia: marudio ya Sultan.

"Bwana mshenga," akasema, "kabla hatujaendelea. Wewe uko upande gani? Mahidevran au Hurrem?"

Chumba kikatulia. Nikamtazama mama wa binti; sikujua ni mke wa ngapi. Nikamtazama mwanamke aliyekaa kando yake. Wala huyo sikumjua. Mpwa wangu alikuwa anatoka jasho. Jasho lilinitiririka na mimi, chini ya balaghashia, kwenye ile barabara.

"Mimi, shangazi," nikasema, "nampenda Sümbül Ağa."

Huyo ni towashi mkuu wa nyumba ya wanawake, mbeya, mwoga, mwenye kupeleka maneno huku na kule na kuponea chupuchupu kila jioni. Shangazi akanitazama kwa muda, kisha akacheka mpaka khanga ikamdondoka begani.

"Hii ndiyo kazi ya mshenga hasa," akawaambia wenzake. "Mpeni chai. Lakini mahari haipungui hata senti."